Flaiwili nyepesi: aluminiamu au chuma? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mwenye gari la manyuo (la kubadilisha gia mwenyewe kwa klachi) anayetaka injini iitikie mafuta haraka, na ambaye ameshaambiwa kwamba flaiwili nyepesi ndiyo dawa. Wengi wanaanza kwa kuuliza ipi ina kilo chache, na hapo ndipo wanapopotea. Tutaanza na kazi ya flaiwili yenyewe, tukifika kwenye kuchagua utaona kwa nini.

Flaiwili inafanya kazi gani, na kwa nini kiwandani wanaiweka nzito?

Ni ile sahani nzito iliyofungwa kwa bolti nyuma ya kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na injini. Uso wake ndio unaobanwa na klachi pleti. Ukingoni imevaa ringi gia, yale meno ambayo stata inayashika unapowasha. Na uzito wake unatunza mwendo wa injini.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu. Injini ya silinda nne inapata misukumo miwili tu katika kila mzunguko mmoja wa kranki. Kati ya msukumo na msukumo kranki inapungua kasi, halafu inasukumwa tena. Flaiwili nzito inachukua nguvu wakati wa msukumo na kuirudisha pengo likija, ndiyo maana injini inatulia ikiwa sailensa (inazunguka taratibu bila kukanyaga mafuta) na gari linaondoka bila kushtuka. Kiwanda kinamtengenezea gari mtu atakayekaa foleni saa nzima akiwa na abiria, kwa hiyo kinaegemea upande wa utulivu. Ukipunguza uzito huo unakula kwenye utulivu ule ule, na kila faida na kila hasara utakayosoma hapa chini inatokana na hilo.

Nikifunga flaiwili nyepesi nitaongeza nguvu za farasi ngapi?

Hutaongeza hata moja. Injini inachoma mafuta yale yale na hewa ile ile.

Kinachowachanganya watu ni karatasi ya daino, mashine ya kupima nguvu ya gari. Daino nyingi zinapima kwa kuangalia gari linavyoongeza kasi ya rola nzito. Ukiondoa uzito unaozunguka, rola inapanda kasi haraka zaidi, na mashine inatafsiri kwamba magurudumu yamepata nguvu zaidi. Ukipima kwenye daino inayoshikilia injini kwenye mizunguko ile ile bila kupanda wala kushuka, tofauti hiyo inapotea. Wauzaji wanaoweka namba za farasi kwenye tangazo la flaiwili wanajua wamezipimaje. Mnunuzi naye anapaswa kujua.

Kama nguvu haiongezeki, faida iko wapi?

Iko kwenye kupanda na kushuka kwa mizunguko, na inaonekana zaidi kwenye gia za chini. Tuchukue gari moja tulipigie hesabu: Mazda MX-5 ya kwanza yenye injini ya 1.6 na gia tano. Uwiano wa gia zake ni 3.136, 1.888, 1.330, 1.000 na 0.814, na difu ni 4.3. Gari zima lina uzito wa chini kidogo ya kilo 1,000.

Kitu kinachozunguka kina inesha, yaani ugumu wake wa kubadili kasi ya mzunguko. Ukitaka kujua inesha hiyo ni sawa na kubeba kilo ngapi ndani ya gari, unaizidisha kwa mraba wa uwiano wote (gia mara difu), halafu unagawanya kwa mraba wa nusu kipenyo cha tairi. Tuseme flaiwili ya asili ina inesha ya 0.08 na nyepesi ina 0.04, kwa kipimo cha kilo na mita za mraba, na nusu kipenyo cha tairi ni sentimita 28.5. Ukiwa gia ya kwanza, tofauti hiyo ni kama umeteremsha kilo 90 kutoka kwenye gari. Gia ya pili ni kilo 32. Ya tatu kilo 16, ya nne 9, na ya tano 6.

Zitazame namba hizo vizuri. Gia ya kwanza umemshusha abiria mzima. Gia ya tano umeshusha begi. Mtu anayekimbiza gari kwenye barabara ndefu akiwa gia ya nne na ya tano atalipa pesa nyingi kwa faida ambayo hataisikia mgongoni. Mwenye gari jepesi lenye gia fupi, anayeendesha kwenye kona zinazomlazimisha kurudi gia ya pili kila mara, ataisikia siku hiyo hiyo.

Kuna na faida isiyopimwa kwa saa. Ukishusha gia na kugusa mafuta kidogo ili injini ilingane na gia mpya, mizunguko inaruka mara moja. Ukikanyaga klachi kubadilisha kwenda juu, inashuka mara moja. Dereva mwenye mguu uliozoea anapata gari linalomjibu, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kufungua giaboksi.

Flaiwili mbili zina uzito sawa. Naweza kusema zina tabia sawa?

Hapana, na hapa ndipo kilo zinapodanganya. Chuma kilichoko karibu na katikati hakina athari kubwa. Kilichoko ukingoni ndicho kinachofanya kazi, kwa sababu inesha inakua kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Kilo moja iliyo sentimita 14 kutoka katikati ina inesha mara nne ya kilo hiyo hiyo ikiwa sentimita 7.

Honda walipotoa Civic Type R ya kizazi cha FL5 walieleza kwamba flaiwili yake mpya ina uzito pungufu kwa asilimia 18, lakini inesha imepungua kwa asilimia 25. Maana yake wahandisi hawakukwangua popote palipopatikana. Walitoa chuma pale kinapoathiri zaidi. Flaiwili nzuri ya chuma iliyochongwa kwa akili, yenye ukingo mwembamba na madirisha mbali na katikati, inaweza kukaribia sana ile ya aluminiamu kwa tabia hata kama mizani inasema imeizidi kilo moja au zaidi.

Kwa hiyo ukimwandikia muuzaji, muulize inesha kwanza. Asipoijua, mwombe picha ya upande wa nyuma uone uzito umekaa wapi. Ukumbuke pia kwamba presha pleti, ile inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili, nayo inazunguka pamoja na flaiwili, tena ni kubwa. Kuna magari ambayo klachi ndogo ya pleti mbili imepunguza inesha kuliko flaiwili ilivyofanya.

Ukiacha uzito, aluminiamu na chuma vinatofautiana nini?

Vinatofautiana kwenye mambo mengi, na ndiyo yanayopaswa kuamua.

Aluminiamu ina gramu 2.7 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Chuma kina karibu 7.85. Lakini aluminiamu ni laini mno kusuguliwa na klachi, kwa hiyo flaiwili ya aluminiamu siyo ya aluminiamu tupu. Usoni imevikwa bamba jembamba la chuma lililofungwa kwa skrubu nyingi ndogo, na ukingoni ina ringi gia ya chuma. Ya chuma ni kipande kimoja mpaka kwenye uso wa klachi, mara nyingi cha aina ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu) kama 4140, kilichofuliwa au kuchongwa kutoka kwenye bonge moja.

Sasa njoo kwenye joto. Watu wanasema aluminiamu haivumilii joto, wengine wanajibu kwamba aluminiamu inapitisha joto haraka kuliko chuma, na wote wana ukweli nusu. Aluminiamu ya aina ya 6061 inapitisha joto zaidi ya mara tatu ya chuma cha kawaida. Hata kwa kubeba joto haiko nyuma: kilo 4 za aluminiamu zinahitaji kilojouli 3.6 hivi kupanda nyuzi moja ya Selsiasi, na kilo 8 za chuma zinahitaji 3.8 hivi. Flaiwili nyepesi ya chuma ya kilo 5 na nusu inabeba joto kidogo kuliko zote mbili.

Tatizo liko kwenye lile bamba. Klachi ikiteleza, joto linazaliwa pale usoni kwa sekunde moja au mbili. Bamba jembamba linalipokea lote kabla halijapenya kwenda kwenye aluminiamu iliyo nyuma yake, na penye mguso wa vyuma viwili joto linakwama. Halafu aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Mivutano hiyo yote inaishia kwenye zile skrubu. Ukiichoma klachi mara kwa mara, bamba linapinda, na gari linaanza kutetemeka kila unapoondoka. Aluminiamu yenyewe pia inaanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 150 hadi 200, wakati chuma kwenye joto hilo hakijasikia kitu.

Upande wa pili, bamba likichakaa unalibadilisha na flaiwili inaendelea na kazi. Flaiwili ya chuma unaichongesha uso, na kila unapochongesha inapungua, mpaka inafika kipimo cha chini na unanunua nyingine.

Kuna na uchovu wa chuma. Chuma kikipewa mkazo ulio chini ya kiwango fulani kinaweza kuhimili mizunguko isiyohesabika. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila mzigo unahesabiwa, hata mdogo. Haimaanishi itavunjika kesho, maana ikitengenezwa vizuri inadumu miaka. Ila ni kitu cha kukaguliwa, siyo cha kufunga na kukisahau.

Wewe ungechagua ipi?

Kwa gari la barabarani linaloenda pia kwenye siku za mbio, ningechagua chuma cha kromoli kilichopunguzwa uzito kwa wastani, bila kusitasita. Unapata sehemu kubwa ya wepesi, uso mmoja usio na skrubu, na sehemu inayomvumilia hata dereva anayejifunza.

Aluminiamu ningeifunga kwenye gari jepesi la mbio za mzunguko, hasa linaloanza mbio likiwa tayari kwenye mwendo, ambalo dereva wake anatumia klachi kuondoka mara moja tu na baada ya hapo anabadilisha gia kwa kasi. Huko klachi haiteswi, injini haishuki chini, na kila inesha unayopunguza inalipa.

Anayetumia gari moja kupeleka watoto shule, kupanda mlima na kujifurahisha Jumapili, namsihi aache aluminiamu.

Kuondoka mlimani na kwenye foleni kutakuwaje?

Kugumu zaidi, na muuzaji akikwambia hutaona tofauti hakutendei haki.

Flaiwili ya inesha 0.08 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inabeba jouli 15,800 hivi. Hiyo ni nguvu ya mwendo ya gari la kilo 1,000 likienda kilomita 20 kwa saa. Ya inesha 0.04 ina nusu yake, sawa na gari hilo likienda kilomita 14 kwa saa. Ukiondoka kawaida huipandishi injini mpaka huko, lakini uwiano ni ule ule: akiba uliyozoea kuitumia kila unapoachia klachi imebaki nusu. Ukiachia kama zamani, injini inazima.

Dawa ni kuongeza mafuta kidogo kabla ya kuachia. Ukifanya hivyo klachi inateleza kwa kasi kubwa zaidi na inapata joto zaidi. Kwenye tambarare utazoea baada ya siku chache. Fikiria sasa umesimama katikati ya mlima wa Kitonga nyuma ya lori lililoharibika, gari limejaa, na foleni inasogea mita kumi kumi. Kila hatua unaichoma klachi. Mtu wa namna hiyo akiwa na bamba jembamba juu ya aluminiamu, ndiye atakayerudi gereji na flaiwili iliyopinda.

Mimi nashindana. Jibu linabadilika kulingana na aina ya mbio?

Linabadilika sana.

Mbio za mzunguko kwenye lami zinapendelea wepesi, kama nilivyosema hapo juu.

Mbio za kuchomoka mita 400 ni kinyume. Pale nguvu iliyohifadhiwa kwenye flaiwili ndiyo inayolisukuma gari mwanzoni, na gari zito lenye injini isiyo na msukumo kwenye mizunguko ya chini linaweza kuwa taratibu zaidi baada ya kufungwa flaiwili nyepesi, kwa sababu mizunguko inaporomoka klachi inaposhika. Gari lenye tairi zisizoshika vizuri linaweza kunufaika na pigo hilo kupungua. Ndiyo maana wanaoshindana huko wanajaribu uzito tofauti kulingana na gari.

Kwenye rali za vumbi na kokoto, kwa mfano njia za Naivasha ambako Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, tatizo kubwa ni mshiko. Injini yenye inesha ndogo inarusha tairi haraka dereva akizidisha mafuta, na inazima haraka akifunga breki mpaka magurudumu yakajibana. Kwa dereva wa kilabu anayeendesha Subaru au Mitsubishi yake mwenyewe kwenye njia za aina hiyo, chuma cha wastani kinamsaidia kuliko aluminiamu. Tena akumbuke kwamba gari linalosukumwa na magurudumu yote manne likiondoka, tairi haziwezi kuteleza kirahisi zikaiokoa klachi. Klachi ndiyo inayoteleza.

Fundi wangu anasema atachonga flaiwili ya asili kwenye leithi, itapungua kilo tatu kwa bei ndogo. Nikubali?

Usikubali kama ni ya chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), na nyingi za magari ya kawaida ndivyo zilivyo.

Chukua flaiwili ya kipenyo cha sentimita 28 ikizunguka mara 7,000 kwa dakika. Ukingo wake unakimbia karibu kilomita 370 kwa saa. Kila gramu moja iliyoko pale ukingoni inavuta kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 7 na nusu na zaidi. Gramu moja. Jiulize basi ukingo mzima unavuta kiasi gani, na kinachoushikilia ni chuma kilekile ambacho fundi amekipunguza unene. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini kinakatika ghafla bila kupinda kwanza. Joto la klachi linakiwekea nyufa ndogo ndogo usoni, ile mistari inayoonekana ukiifungua, na ufa ndio mahali mpasuko unapoanzia.

Flaiwili ikipasuka haibaki ndani. Nyumba ya klachi kwenye magari mengi ni ya aluminiamu nyembamba, na mapande yanaitoboa, yanapanda sakafuni, yanakata mabomba ya mafuta na breki. Miguu ya dereva iko hapo hapo. Ndiyo sababu kwenye mbio za Marekani kuna kiwango cha usalama cha SFI 1.1 cha flaiwili na klachi, na magari ya daraja za kasi yanatakiwa kuwa na ngao ya chuma kuizunguka klachi. Watu walikufa na kukatika miguu kabla ya sheria hizo kuwepo.

Kama flaiwili ya asili ni ya chuma kilichofuliwa, na fundi anajua ni wapi pa kukata na pa kuacha, na atapeleka kubalansi baadaye, hilo ni jambo la kuzungumza. Akisema tu "natoa hapa na hapa", chukua flaiwili yako uondoke. Akiba ya bei hiyo haifanani na mguu.

Gari langu lina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Naweza kuweka ya kipande kimoja?

Inawezekana, na kwa magari mengi kuna seti zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Elewa kwanza unachokitoa. Zile springi ziko pale kumeza mitetemo ya injini isifike kwenye giaboksi. Ukiziondoa, hakikisha klachi pleti mpya ina springi zake katikati, maana iliyokuwepo huenda ilikuwa haina kabisa. Hata hivyo utasikia gia zikigonga gari likiwa sailensa, na sauti ikipotea ukikanyaga klachi. Sauti hiyo mara nyingi siyo ubovu, ni kelele tu. Kwa injini za dizeli, ambazo misukumo yake ni mikali, singeshauri flaiwili nyepesi ya kipande kimoja. Kama ni lazima uachane na ya vipande viwili, weka nzito ya chuma.

Taa ya cheki injini inaweza kuwaka?

Ndiyo. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma kasi ya kranki kupitia sensa, na ikiona kranki imepungua kasi ghafla inadhani silinda moja imekosa kuchoma. Flaiwili nyepesi inaacha kranki ichezecheze zaidi, hasa kwenye mizunguko ya chini, na unaweza kupata kosa la P0300 (silinda kukosa kuchoma) wakati plagi na koili ni nzima. Inatokea kwenye magari yenye mfumo wa kujikagua wa OBD-II, ambao ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996. Sailensa pia inaweza kupanda na kushuka, au injini ikazima unapoachia mafuta ukikaribia taa za barabarani. Mara nyingi kupandisha sailensa kidogo kwenye programu kunamaliza kazi.

Nihakikishe nini kabla ya kununua?

Jina la gari halitoshi, taja injini na mwaka wake. Injini ya Mitsubishi 4G63 ilitoka na kranki ya bolti sita, kisha mwaka 1992 ikahamia bolti saba, na flaiwili za hizo mbili haziingiliani. Watu wamesubiri mzigo kutoka ng'ambo wiki kadhaa, wakafungua boksi na kuhesabu matundu.

Jambo zito zaidi ni balansi. Injini nyingi zimebalansiwa zenyewe na flaiwili inabalansiwa peke yake. Nyingine zinategemea uzito wa ziada uliowekwa makusudi upande mmoja wa flaiwili. Ford V8 za 302 ni mfano unaojulikana: za zamani zinataka uzito wa aunsi-inchi 28 (uzito mara umbali wake kutoka katikati), za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinataka 50. Ukikosea, flaiwili itafunga vizuri kabisa na injini itatetemeka mpaka beringi za kranki ziharibike. Kwenye injini za rotari za Mazda, flaiwili ya asili imebeba uzito wa balansi wa nyuma ndani yake. Ukiweka nyepesi ya kununua lazima ununue na uzito huo kando.

Angalia pia kama flaiwili yako ndiyo yenye meno yanayosomwa na sensa ya kranki, kama ilivyo kwa injini nyingi za Renault na Peugeot. Idadi ya meno ya ringi gia ilingane na stata yako, na kipenyo cha klachi kilingane na presha pleti utakayofunga.

Gari langu ni otomatiki.

Basi huna flaiwili ya aina hii. Unayo sahani nyembamba inayoshika tokikonveta, na uzito uko kwenye konveta yenyewe iliyojaa oili. Pesa yako ipeleke kwenye tairi.

Nitaokoa mafuta?

Kidogo sana mjini, na barabara kuu karibu hakuna. Usinunue kwa sababu hiyo.

Wakati wa kufunga, fundi azingatie nini?

Kushusha giaboksi ndiyo kazi kubwa, kwa hiyo usirudishe kitu chakavu. Badilisha klachi pleti, presha pleti, beringi ya kuachilia klachi, beringi ndogo iliyoko katikati kama gari lako linayo, na oili sili ya nyuma ya kranki. Sili hiyo ni ya bei ndogo, na ikivuja baada ya wiki mbili utalipa ushushaji wa pili na klachi pleti iliyolowa.

Bolti za flaiwili zinunuliwe mpya. Nyingi zimetengenezwa kuvutwa mara moja tu. Kwenye baadhi ya injini matundu ya bolti yanapenya mpaka kwenye oili, kwa hiyo nyuzi zake zinahitaji gundi maalumu, na fundi asiyejua hilo ataihukumu sili mpya bure. Zifungwe kwa mtindo wa msalaba, hatua kwa hatua, kwa spana ya toki na kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Mkono wa fundi, hata awe mzoefu vipi, siyo kipimo.

Sehemu ya nyuma ya kranki inapokaa flaiwili isafishwe mpaka ing'ae. Chembe ya kutu au tone la rangi lililobaki pale linaifanya flaiwili ikae upande. Baada ya kufunga, iwekwe geji ya saa usoni na kranki izungushwe kwa mkono kuona kama inayumba. Kazi hiyo inachukua dakika chache, na mafundi wengi wanairuka. Simama pale uiombe ifanyike. Mwisho uso ufutwe kwa dawa ya kusafishia breki, maana flaiwili mpya inakuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakiingia kwenye klachi pleti hayatoki.

Kilomita 800 za kwanza endesha mjini taratibu, ukibadilisha gia mara nyingi bila kuchomoka, ili pleti na uso vikaliane.

Nimepata ya aluminiamu iliyotumika kwa bei nzuri. Niangalie nini?

Igeuze kwanza uangalie matundu ya bolti za kranki. Yakiwa yamevutika na kuwa ya yai, au kuna alama za kusuguana kuyazunguka, imewahi kulegea, iache. Kisha nenda kwenye bamba la chuma. Gusa kila skrubu. Vichwa vyote vinatakiwa viwe chini ya uso, visizunguke na visiwe vimelika. Weka rula iliyonyooka juu ya bamba na umulike tochi kwa nyuma: mwanga ukipenya katikati, limepinda. Rangi ya bluu au zambarau inaonyesha lilipata joto kali, na rangi hiyo ikiwa imeenea bamba zima, hesabu bei ya bamba jipya kabla hujasema bei nzuri.

Tafuta nyufa kwenye aluminiamu yenyewe, hasa pembeni ya matundu na kwenye kona za madirisha. Fundi wa mashine anaweza kuipaka dawa ya rangi inayoingia kwenye ufa ambao jicho halioni, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kinachoweza kutokea. Hakikisha ringi gia haichezi, na kwamba flaiwili ina jina la mtengenezaji na alama zake za utambulisho. Isiyo na alama yoyote, hata iwe inang'aa kama mpya, usiifunge kwenye injini utakayoipeleka mizunguko 7,000.